Tuwafunze wanafunzi kuisikiliza kompyuta iliyokwama

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kompyuta haifichi maradhi yake. Ni sisi walimu tusiotaka kuyasikiliza. Nasema hivi kwa kuwa nami nilikuwa miongoni mwa viziwi hao.

Katika shule moja niliyofundisha, kompyuta kuu iliyohifadhi alama za wanafunzi ilikuwa ikiganda mara kwa mara. Tiba yetu ilikuwa moja: kuzima na kuwasha. Siku moja alama za darasa zima zikapotea, nami nikamwadhibu kijana aliyekuwa ameketi mbele yake. Ilipoganda tena, msichana wa kidato cha tatu alinisihi nisiizime, akanakili daftarini maneno yaliyokuwa kwenye kioo: prosesa nambari 1 imekwama kwa sekunde 22.

Maneno hayo yana maana. Kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, kina mlinzi ndani yake. Prosesa ikizama katika shughuli za kiini kwa zaidi ya sekunde 20 bila kuziachia kazi nyingine nafasi, mlinzi hupiga kamsa. Ikiwa haisikii hata ishara za kawaida za kuikatiza, hutumiwa ishara isiyozuilika, na kamsa huja baada ya sekunde 10 hivi. Kisha huorodheshwa hatua zilizoifikisha pale ilipokwama.

Mara nyingi chanzo ni kufuli. Tuseme mwalimu mmoja ameshika ufunguo wa maktaba akingoja wa stoo. Mwenzake ameshika wa stoo akingoja wa maktaba. Hawatatoka hapo hata jua lichwe. Dawa ni utaratibu: kila mtu aanze na ufunguo wa maktaba. Tangu mwaka 2006 kiini hicho kina chombo, kilichobuniwa na Ingo Molnar, ambacho kikiwashwa hukagua utaratibu wa kufuli na kuonya hata kabla ya mkwamo kutokea.

Tena, prosesa inayotajwa huenda inangoja tu, ilhali iliyoshika kufuli ni nyingine. Anayelia si lazima awe ndiye mkosaji. Hilo ndilo lililonichoma moyo. Mashine iliganda mara mbili zaidi, na kila mara daftari la msichana lilionyesha jina lilelile: programu inayoendesha kadi ya mtandao. Tulipoweka toleo jipya la programu hiyo, maradhi yakakoma. Nilimwomba kijana yule radhi mbele ya darasa.

Walimu wenzangu, kuizima mashine kabla ya kuisoma ni kumzika shahidi angali hai. Nanyi wanafunzi, msidhani ufundi wa kompyuta huanzia kwenye vidole. Huanzia kwenye macho, kalamu na subira. Laiti ningalijua hayo mapema, kijana asiye na hatia asingaliadhibiwa.