Mtoto mchanga naye ana moyo: somo ambalo Ebola ilituachia Beni na Butembo



Kila mara nikisema kwamba nilisomea saikolojia na kwamba kitu kinachonigusa zaidi ni watoto wa chini ya miaka 3, watu wananiuliza: "Sasa mtoto wa miezi sita ana shida gani ya akili?" Wengine wanacheka kabisa. Swali si baya. Hapa kwetu ukitaja afya ya akili, mtu anafikiria mara moja kichaa anayezunguka sokoni. Leo nataka kulijibu, na mfano wangu ni wa hapa hapa Beni na Butembo.

Afya ya akili ya mtoto mchanga ni mambo ya kawaida sana: kutulia akibembelezwa, kumtambua mtu wake, kucheza, kujaribu vitu vipya, kuonyesha furaha, hasira na woga. Mambo hayo hayakui yenyewe. Yanakua mikononi mwa mtu anayemwitikia. Mtoto analia, mtu anakuja. Anacheka, mtu anacheka naye. Hivyo mara nyingi kwa siku, kila siku. Ndiyo maana mtaalamu hamwangalii mtoto peke yake. Anamwangalia pamoja na anayemlea.

Na mtu asiseme haya ni mambo ya wazungu. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alifuatilia familia 26 vijijini karibu na Kampala, hapo ng'ambo ya mpaka wetu. Aliona watoto wanatambaa mbali na mama, wanachezea vitu, halafu wanarudi kwake kidogo kabla ya kwenda tena. Aliona pia kwamba watoto waliojisikia salama zaidi, mara nyingi mama zao waliweza kusimulia mambo yao madogomadogo: analala aje, analia aje akisikia njaa, anaogopa nini. Hao walikuwa mama wa shamba, wenye kazi nyingi kama mama zetu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na leo kila anayesoma somo hili duniani anapitia vijiji vile vya Uganda.

Sasa turudi kwetu. Ebola ilitangazwa tarehe 1/8/2018, ikianzia Mangina, na ikatangazwa kuisha tarehe 25/6/2020. Kwa jumla, Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, ilihesabu wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Lakini kulikuwa na watoto wengine ambao hesabu hiyo haiwaonyeshi. Fikirieni mama anayenyonyesha anapatikana na Ebola, anaingizwa CTE, yaani kituo cha matibabu ya Ebola. Mtoto wake hajaugua, lakini lazima afuatiliwe siku 21. Hawezi tena kunyonya. Majirani wanaogopa hata kumgusa. Baba pengine naye ni mgonjwa, au amekufa. Nani atambeba huyo mtoto?

Jibu lilikuwa kreshi zilizofunguliwa kando ya CTE, Beni na Butembo, kwa msaada wa UNICEF. Walezi wake walikuwa watu waliopona Ebola, wale tuliozoea kuwaita washindi. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, waliweza kumpakata mtoto, kumlisha, kumwimbia, kukaa naye saa nyingi. Wengine waliingia hata ndani ya CTE kuwabembeleza watoto wagonjwa ambao hawakuwa na mtu. Na wengi wa walezi hao walikuwa wamepoteza watu wao wenyewe. Beni pia shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ili mgonjwa na familia yake waonane na kuongea bila kuambukizana.

Ukichunguza, kreshi ile ilibeba somo zima la saikolojia ya watoto wadogo. Mtoto alipata mtu wa kumwitikia, si maziwa peke yake. Alibaki karibu na alipo mama yake. Familia ilijua mtoto yuko wapi na yuko na nani, na hilo lilikuwa na maana kubwa wakati ule wa uvumi na hasira, wakati CTE za Katwa na Butembo zilishambuliwa mwezi wa pili 2019. Na mlezi naye alikuwa na kazi, heshima na wenzake wa kumsikiliza.

Vituo vile havikujengwa ili vibaki. Lakini watoto wanaotengana na watu wao hawajaisha. Toka mwezi wa kumi 2014 mauaji ya eneo la Beni yanafukuza familia kutoka Eringeti, Mbau, Oicha na vijiji vingine, na wengi wanakuja kupanga kwa ndugu mjini. Katika familia hizo nasikia mara kwa mara sentensi moja: "Huyu mdogo hana shida, ametulia tu." Hapo ndipo naomba tuwe macho. Mtoto asiyelia kabisa, asiyetazama mtu usoni, asiyecheka akichezewa, asiyetaka kula, si lazima awe mtoto mwenye adabu. Pengine ameacha kuita kwa sababu hakuna aliyeitika. Mwingine anashtuka kwa kila kelele, anakataa kushuka mgongoni, au alikuwa ameanza kusema maneno na sasa ameyaacha. Dalili moja ya siku moja si ugonjwa. Ikidumu wiki kadhaa, apelekwe kituo cha afya.

Lakini kabla ya kumuuliza mtoto ana nini, tumuulize mama analala? Anakula? Ana mtu wa kuongea naye? Mama aliyezimika moyo hawezi kuitika hata akitaka, na kumgombeza hakusaidii. Kumsaidia kunawezekana bila hospitali kubwa. Vijijini Pakistani, wahudumu wa afya wa kawaida walifundishwa kuwatembelea mama wenye huzuni kubwa na kuongea nao kwa utaratibu. Matokeo yalitoka mwaka 2008: mtoto alipofika miezi 6, mama waliobaki na ugonjwa huo walikuwa 23 kwa mia, wakati kwa wale waliotembelewa kikawaida tu walikuwa 53 kwa mia. Wahudumu wale hawakuwa wataalamu wa akili. Wanafanana na RECO wetu.

Na sisi tuna mlango tayari: CPS, siku ya kupima kilo. Mama wanakuja na watoto, wanapanga mstari, mtoto anapimwa, anaandikwa, wanarudi nyumbani. Katika foleni ile mtu anaweza kuuliza maswali matatu: Mtoto wako anapenda nini siku hizi? Akilia, nini kinamtuliza? Na wewe mama, nani anakusaidia? Mama akikosa jibu la yote matatu, huyo ndiye wa kutembelewa kwanza.

Kwa hiyo, ninyi finalisti wa saikolojia, wa unesi, wa maendeleo, mnaotafuta somo la TFC: nendeni CPS ya mtaa wenu, ombeni ruhusa kwa nesi titulere, mkae na RECO, mwandike mnachosikia. Na sisi wengine tuanzie kwenye parsela zetu. Kama kuna familia iliyokimbia vita na ina mtoto mdogo, mchoteeni mama maji siku moja, au mshikie wakubwa, apate saa moja ya kukaa na mdogo wake. Hiyo nayo ni huduma ya afya ya akili, na haingoji mradi wowote.