SIKU TATU OFISINI, MBILI NYUMBANI: KAMPUNI INAPATA NINI?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Harufu ya nyama ilimjia kutoka pande zote, naye akataka kuzifuata njia zote mbili kwa wakati mmoja, mguu huu huku na mguu ule kule, hadi akapasuka msamba. Methali hii hawaisahau baadhi ya wakuu wa kampuni pale wafanyakazi wanapoomba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani siku mbili za juma na kufika ofisini siku tatu zinazobaki. Mkuu hujibu kwamba mtu achague moja: ama ni mfanyakazi wa ofisi, ama akakae nyumbani moja kwa moja.

Katika mazungumzo yetu ya leo tutauangalia utaratibu huo wa mseto, ambao ulienea katika nchi nyingi baada ya ugonjwa wa Uviko-19 kuwafungia watu majumbani mwaka 2020. Hatutauliza kama wafanyakazi wanaupenda, maana hilo halina ubishi. Tutauliza swali la mwenye mali: je, kampuni inapata nini?

Mwajiri mmoja aliamua kulitafutia swali hilo jibu kwa vipimo badala ya kubahatisha. Ni kampuni ya China inayouza tiketi za ndege na kupangia wasafiri hoteli, ambayo leo inaitwa Trip.com na wakati huo makao yake yalikuwa mjini Shanghai. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikuwa na matatizo mawili. Kodi ya majengo mjini humo ilikuwa inapanda, na wafanyakazi wake wa kupokea simu za wateja walikuwa wanaacha kazi kwa wingi: karibu nusu yao kila mwaka. Mmoja wa waanzilishi wake, James Liang, akishirikiana na Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, akaandaa jaribio.

Waliojitolea na kutimiza masharti walikuwa 249. Sharti moja lilikuwa mtu awe na chumba chake cha kufanyia kazi. Kura ikapigwa kwa tarehe za kuzaliwa: wenye tarehe za namba shufwa wakafanye kazi nyumbani siku nne na ofisini siku moja, wenye namba witiri wabaki ofisini siku zote. Jaribio likaendeshwa kwa miezi tisa.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kazi ya waliokuwa nyumbani iliongezeka kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kukaa kwenye simu dakika nyingi zaidi, kwa kuwa mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Sehemu iliyobaki ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa kila dakika, kwa sababu nyumbani palikuwa na utulivu. Tena walioacha kazi walipungua kwa nusu.

Lakini, ndugu msikilizaji, habari haikuishia hapo. Jaribio lilipokwisha na watu kuruhusiwa kuchagua, karibu nusu ya wale waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini. Kilichowarudisha ni upweke. Isitoshe, ilionekana kwamba ukilinganisha watu wenye kazi nzuri sawasawa, aliyekaa nyumbani alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo. Yalitimia yale ya asiyekuwapo na lake halipo.

Fundisho la jaribio hilo la kwanza ni kwamba nyumbani kuna faida yake na ofisini kuna yake, na anayezidisha upande mmoja hulipa gharama upande wa pili. Ndiyo maana kampuni hiyohiyo ilirudi tena uwanjani mwaka 2021, safari hii ikipima mseto wenyewe.

Waliohusika sasa walikuwa 1,612, nao hawakuwa wapokea simu. Walikuwa wasomi wa vyuo vikuu: waandishi wa programu za kompyuta, watu wa masoko, watu wa fedha na wakuu wao. Kwa miezi sita kundi moja lilifanya kazi nyumbani kila Jumatano na Ijumaa, na kundi la pili likafika ofisini siku zote tano. Kisha tathmini zao za kazi zikafuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024.

Tathmini za makundi yote mawili zilikuwa sawa. Upandaji wa vyeo ulikuwa sawa. Hata kiasi cha programu walichoandika wale wa kompyuta hakikutofautiana. Siku za nyumbani watu walifanya kazi saa pungufu kidogo, lakini walifidia siku nyingine. Kwa maneno mengine, lile ongezeko la asilimia 13 halikuonekana tena, wala hasara haikuonekana.

Basi faida iko wapi? Iko kwa watu waliobaki. Walioacha kazi katika kundi la mseto walipungua kwa theluthi moja. Miongoni mwa wanawake walipungua kwa zaidi ya nusu, na wale wenye safari ndefu kwenda kazini nao walinufaika sana. Kabla ya jaribio, wakuu wa vitengo walikadiria kwamba mseto ungeshusha uzalishaji kwa asilimia 2.6. Baada ya kuuona, walisema umeupandisha kwa asilimia 1. Kampuni ikahesabu kwamba kila anayebaki anaiokolea gharama ya kutafuta na kufundisha mtu mwingine, na kwamba jumla yake ni mamilioni ya dola. Mseto ukaruhusiwa kwa wafanyakazi wote.

Tulitafakari hilo kwa makini, maana waajiri wengi hawaliandiki popote katika hesabu zao. Mfanyakazi mzoefu akiondoka, tangazo la kazi hulipiwa, usaili hufanyika, mgeni hufundishwa kwa miezi, na mafaili hukwama mezani. Wateja waliomzoea hupiga simu na kuambiwa hayupo. Mali bila daftari huisha bila habari, na utaalamu wa watu ni mali pia.

Tuchukue mfano wa karibu. Tumfikirie mama mmoja, karani wa hesabu, anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, hapa Dar es Salaam. Anaamka usiku, saa 11 alfajiri yuko kituoni. Anatumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Jioni anafika nyumbani watoto wamelala. Siku akisikia kuna kazi karibu na kwake, hata ya mshahara mdogo, anaandika barua ya kuacha kazi. Akibaki nyumbani siku mbili kwa juma, anaokoa saa nane, yaani siku nzima ya kazi, na hakuna aliyeongezewa hata shilingi. Kwake yeye zile saa nane ndizo zinazoamua kama atabaki kazini ama ataondoka. Kwa mwajiri wake, ndizo zinazoamua kama hesabu za mwisho wa mwaka zitafungwa na mtu anayezijua.

Hata hivyo, mseto si dawa ya kunywa bila kipimo. Yako mambo manne ambayo mwajiri hana budi kuyazingatia.

La kwanza ni siku. Wale wa Shanghai hawakuruhusu kila mtu ajichagulie. Watu wa kitengo kimoja wakija siku tofauti, mtu atapanda basi saa mbili kuja kukaa peke yake kwenye kompyuta, jambo ambalo angelifanya nyumbani. Kitengo kimoja kije pamoja, kifanye mikutano, kibishane, kikamilishe yanayohitaji watu kutazamana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na kama kampuni inataka kupunguza kodi ya jengo, basi vitengo mbalimbali vipishane siku ili vitumie meza zilezile.

La pili ni kipimo. Mkuu aliyezoea kupima kazi kwa daftari la mahudhurio atapata taabu, kwa sababu daftari linaeleza nani alifika, halielezi nani alifanya kazi. Kampuni ya Shanghai ilikuwa na utaratibu madhubuti wa tathmini kila baada ya miezi sita. Asiye na utaratibu huo aanze nao kwanza, kwa kuwa mvivu anaweza kujificha hata nyuma ya meza ya ofisi.

La tatu ni gharama. Umeme na intaneti ya ofisini hulipwa na mwajiri. Mfanyakazi akiwa nyumbani anatumia bando lake na umeme wake. Mwajiri anayebana matumizi kwa kuuhamishia mzigo mfanyakazi hajaleta mseto, amekata mshahara kwa mlango wa nyuma. Wala tusisahau mazingira yetu. Mwezi Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo lazima ijulikane mapema nani anakwenda wapi na kazi gani inaendelea bila mtandao. Tena wengi wetu tunaishi chumba na sebule. Asiye na mahali patulivu asilazimishwe kubaki nyumbani. Jaribio la kwanza lilidai chumba, nalo lilikuwa na sababu.

La nne ni haki. Muuguzi, dereva, mlinzi na fundi wa kiwandani hawawezi kuipeleka kazi yao nyumbani. Wakiona wenzao wa ofisini wanabaki kwao Ijumaa, manung'uniko yatazuka. Mwajiri mwenye busara atawatafutia nao nafuu inayolingana na kazi yao, mathalani zamu zinazojulikana mapema. Vijana wapya nao wanahitaji siku nyingi zaidi ofisini, maana ufundi wa kazi hujifunzwa kwa kukaa karibu na anayeujua.

Ndugu msikilizaji, fisi wa methali hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa sababu alitaka kupita zote kwa mara moja. Kama angepita moja leo na nyingine kesho, huenda angekula nyama mara mbili. Mwajiri anayesita si lazima aamue leo kwa kampuni nzima. Achukue kitengo kimoja, akipe miezi sita, aandike nani amebaki, nani ameondoka na kazi gani imefanyika, kisha asome daftari lake. Na yule karani wa Chanika, kama bado hajaandika ile barua, atasubiri kuona.

Hadi juma lijalo, kwaherini.