Bomba la Gesi Linalohitaji Baridi

Katika rasi ya Yamal, kaskazini kabisa mwa Urusi, wajenzi wa bomba la gesi husubiri baridi kali kama mkulima anavyosubiri masika. Majira ya joto, udongo wa juu huyeyuka ukawa tope na madimbwi. Katapila likiingia hukwama, na alama za minyororo yake hubaki kwenye uoto wa tundra kwa miaka mingi. Baridi ikishika, tope hilohilo hupitika. Ndipo mitaro huchimbwa, mabomba husombwa na kuchomelewa.

Kufika huko kwenyewe kulidai reli mpya ya kilomita 525, kutoka Obskaya hadi eneo la gesi la Bovanenkovo. Daraja lake juu ya mto Yuribey lina karibu kilomita 4, maana bonde lile hufurika. Kwangu mimi, reli ile ni kazi kubwa sawa na bomba lenyewe. Nayo imepita katikati ya malisho ya Wanenets, wafugaji wa kulungu wa kaskazini wanaohama na makundi yao kila mwaka. Vivuko vya mifugo vimewekwa, lakini kivuko kisichofuata njia ya kulungu hakimsaidii mfugaji. Yeye ndiye wa kuulizwa kabla ramani haijachorwa.

Bomba la Bovanenkovo hadi Ukhta, lililoanza kazi mwaka 2012, lina urefu wa takriban kilomita 1,100 na kipenyo cha milimita 1,420. Gesi husukumwa ndani yake kwa shinikizo la karibu mara 120 ya lile la hewa tunayovuta. Gesi ikishindiliwa hivyo hupata joto. Ikiingia na joto lake, ardhi iliyoganda huyeyuka na kudidimia, hapa sana, pale kidogo, na bomba hupinda. Kwa hiyo hupozwa kwanza hadi chini ya nyuzi sifuri. Mafuta ghafi hayapozwi kirahisi hivyo, kwani huwa mazito. Ndiyo sababu bomba la Alaska la mwaka 1977 limeinuliwa juu ya nguzo kwa zaidi ya nusu ya urefu wake.

Tena bomba la Bovanenkovo huelea, chuma chote kile! Mita 1 yake ikizama husukuma kando maji ya kilo 1,580 hivi, na chuma pamoja na gesi iliyomo havifikii uzito huo. Penye maji lazima lielemezwe. Katika ghuba ya Baydaratskaya limevishwa zege, na karibu na ufuko limefukiwa ndani, kwa kuwa mabonge ya barafu hulima sakafu ya bahari.

Hesabu zote hizi zimeegemea ardhi kubaki imeganda, ilhali Aktiki inapata joto haraka kuliko wastani wa dunia. Joto la udongo kando ya bomba linapaswa kupimwa kila mwaka, na matokeo yawafikie wanaoishi juu yake.