Kasi Ipo, Mbona Zoom Inakwama?

Migosi, Lolwe, Mamboleo, mitaa ya Kisumu: malalamiko ni yaleyale. Familia imelipia faiba ya megabiti 20, kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti 20 kamili, na YouTube inacheza bila taabu. Lakini ikifika saa mbili usiku, mama aliye kwenye mkutano wa Zoom anasikia sauti zikikatika, na kijana anayecheza mpira wa mtandaoni anafungwa bao kabla hajauona mpira. Wakipiga simu kwa kampuni wanashauriwa wapande hadi megabiti 40. Wanalipa. Zoom inaendelea kukwama.

Hapo kinachosumbua si kasi. Megabiti hueleza ni data kiasi gani inaweza kupita kwa sekunde moja. Hazisemi lolote kuhusu muda ambao ujumbe mmoja unachukua kufika na jibu kurudi. Muda huo huhesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, na ukirefuka ndipo tunaposema uchelewaji umepanda. Video huvumilia kwa sababu simu huipakua mapema na kuiweka akiba. Mazungumzo hayana akiba. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha msemaji hadi sikio la msikilizaji. Ikizidi sana hapo, watu huanza kudakana maneno.

Chombo cha kupimia kipo bure kwenye kila kompyuta. Mwaka 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo, ping, ambayo hutuma ujumbe na kuhesabu muda hadi jibu lirudi. Inafanya kazi kama vile vipima-mwangwi ambavyo vyombo vya utafiti hutumia kutafuta mbuta ndani ya Ziwa Viktoria: tuma mlio, ngoja mwangwi, hesabu muda. Anayetumia simu atapata programu kadhaa za namna hiyo, nyingine bila malipo.

Ila anayepima mara moja tu hadi ng'ambo hatajua tatizo liko wapi. Safari ya data ina vipande, na kila kipande kipimwe peke yake.

Kipande cha kwanza ni kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta. Anwani ya ruta huandikwa kwenye kibandiko chake. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Majibu yakirudi kwa milisekunde mbili, tatu, au hata tano, chumba kiko salama. Yakirukaruka, mara 4, mara 90, mara 250, basi kampuni haina kosa. Adui yuko ndani ya nyumba. Katika magorofa ya kupangisha ya Kisumu kila mlango una ruta yake, na nyingi zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambako ni njia tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, zisizoingiliana. Ruta kumi na tano zikigombania njia tatu, kila moja inasubiri zamu. Ongeza ukuta wa mawe, grili za madirisha na mabati, na kumbuka kwamba ruta yenyewe imesukumwa nyuma ya televisheni. Waya wa LAN kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta huondoa matatizo hayo yote kwa siku moja. Asiyeweza kuvuta waya ahamie masafa ya gigahezi 5, akae chumba kimoja na ruta. Masafa hayo hayapendi kuta.

Kipande cha pili, kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni, ndicho kinachowaponyoka wengi, hata mafundi. Jaribio lake ni rahisi. Elekeza ping kwenye 1.1.1.1, anwani ya Cloudflare, kampuni yenye seva Nairobi na Mombasa, na uiache iendelee huku nyumba ikiwa kimya. Kisha mwombe mtu mmoja aanze kupandisha picha na video za harusi kwenye Google Photos. Tazama namba. Laini iliyokuwa ikijibu kwa milisekunde 15 inaweza kupanda hadi 300, kisha 900, na ikabaki huko hadi video ya mwisho ipande. Hakuna kilichoharibika. Laini imejaa upande wa kupandisha, na ruta, badala ya kukataa pakiti za ziada, yaani mafungu madogo ya data, inazipanga foleni ndani ya kumbukumbu yake. Hesabu yake ni nyepesi: megabaiti moja ikisubiri kwenye laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, aliye mwisho wa foleni atangoja zaidi ya sekunde moja na nusu. Sauti ya Zoom ikitokea nyuma ya video ya harusi, itangoja vilevile.

Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, aliligundua jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010 alipokuwa akinakili mafaili makubwa, akalipigia kelele. Miaka miwili baadaye Kathleen Nichols na Van Jacobson walitangaza mbinu inayoitwa CoDel. Haiangalii foleni ina urefu gani, bali pakiti imengoja kwa muda gani. Ikingoja mno, inatupwa, na kompyuta iliyoituma inaelewa kwamba ipunguze mwendo. Ruta zinazotumia programu ya OpenWrt zina mbinu hii, na nyingine za dukani huiweka kwenye sehemu ya mipangilio iitwayo QoS au SQM. Mwenye nyumba anaiwasha, kisha anaiambia ruta itumie asilimia 85 au 90 tu ya kasi iliyopimwa, ili foleni ijengeke pale inapoweza kusimamiwa. Anapoteza megabiti chache na kupata mazungumzo yasiyokatika. Inauma kuona familia zikiuziwa kifurushi kikubwa kila mwezi wakati tiba hii hailipiwi, na ruta za kampuni nyingi huja bila hata kitufe chake.

Kuanzia hapo data iko barabarani kuelekea Nairobi. Mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde, kwa hiyo kilomita 350 za kutoka Kisumu, hata kebo ikipinda na kuzunguka, si sababu ya kukwama. Zamani ilikuwa vingine kabisa. Barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kampuni jirani ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikatua Marekani au Ulaya, kisha ikarudi. Watoa huduma walipoungana Novemba 2000 na kufungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, Telkom Kenya iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje ililalamika, na mdhibiti akaagiza kifungwe ndani ya wiki chache. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Ni kwa sababu ya kituo hicho, na seva ambazo kampuni kubwa za dunia zimeleta Kenya, kwamba video nyingi zinazotazamwa Kondele leo hazivuki bahari.

Mkutano wa London ndio unaovuka. Kabla ya 2009 ulipita kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, na kwenda na kurudi kulimeza zaidi ya nusu sekunde. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka huo, muda ulipungua sana. Sasa milisekunde 150 hivi hadi London ni jambo la kawaida, na hakuna kifurushi kitakachozifanya 20, kwa kuwa umbali hauuzwi. Kebo zikikatika, data huzungushwa njia ndefu. Ilitokea Februari 2024 kwenye Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja upande wa Afrika Kusini. Siku kama hizo kuzima na kuwasha ruta ni kujichosha.

Kando ya ziwa, mbali na faiba, mambo hubadilika. Mbita, Rusinga na Mfangano wengi hutegemea ruta za laini ya simu, na minara yenyewe mara nyingi huunganishwa kwa redio zinazopiga juu ya maji, ambayo huakisi mawimbi na kuyavuruga. Muhuru Bay, karibu na mpaka, kuna mtego mwingine: ruta ikidaka mnara wa Tanzania, data kwa kawaida hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, Nairobi, kabla ya kuanza safari. Dawa yake ni kuuchagua mtandao kwa mkono. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, ina setilaiti zilizo kilomita 550 tu juu, lakini mwanzoni mawimbi yake yalishukia nje ya nchi. Tangu kituo cha Nairobi kilipoanza kazi Januari 2025, wateja wengi wameona milisekunde zikishuka kutoka zaidi ya 100 hadi chini ya 50. Sahani yake ikiwekwa chini ya mwembe, sauti itakatika kila tawi linapoziba anga.

Mteja aliyepima vipande vyote, akakuta vya ndani ni safi, ndiye anayestahili kuisumbua kampuni. Asiseme tu kwamba intaneti iko chini. Atume picha ya ping ya ruta na ya 1.1.1.1, ya saa tisa alasiri na ya saa mbili usiku, kwa siku kadhaa, akiwa kwenye waya na hakuna anayepandisha kitu. Namba zikipanda usiku pekee, huenda laini ya mtaa imelemewa. Pakiti zikipotea saa zote, amwombe fundi asome nguvu ya mwanga inayoingia kwenye kisanduku cha faiba: ikiwa chini ya dBm hasi 27, kuna waya uliokunjwa au kiungo kichafu kati ya nguzo na dirisha, na hilo fundi analimaliza siku hiyohiyo.