Kabla ya kununua nyumba, ipimeni kwanza



Huenda wengine mkashangaa kuona ukurasa wa afya mwezi huu unazungumzia nyumba. Lakini nyumba mbovu hujeruhi watu kama ajali ya gari, na sisi wauguzi ndio tunaowapokea.

Wengi wenu mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri ile tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wetu wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 800 zilianguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya sana. Wodini kwetu waliletwa waliovunjika miguu na waliopasuka vichwa, na watoto waliojaa vumbi hata macho hawafumbui. Nilipokuwa nikiandika maelezo yao, karibu kila mmoja alisema neno lile lile: "Nesi, ukuta umeniangukia."

Namkumbuka mama mmoja aliyevunjika mfupa wa paja. Yeye na mumewe walikuwa wamenunua nyumba yao miezi saba tu kabla ya siku ile, kwa kiinua mgongo cha mume. Ilikuwa imepakwa rangi nzuri, na mabati yanang'aa. Ukuta ulipoanguka ndipo walipoona kwamba ndani ya lipu matofali yaliunganishwa kwa tope tupu, na juu ya madirisha hapakuwa na mkanda wa zege. Mama yule alilala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa mawe ya uzito, huku watoto wakilala kwa majirani.

Mgonjwa akija hospitali hatumpi dawa kwa kumtazama sura. Tunamwuliza habari zake, kisha tunampima. Nyumba nayo ipimeni hivyo hivyo kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza.

1. Mahali iliposimama

Nendeni kuiona nyumba mara mbili: siku ya jua na siku ya mvua kubwa. Muuzaji atawaonyesha siku ya jua. Siku ya mvua mtaona wenyewe maji yanapita wapi. Tazameni kuta za nje na za majirani: kama kuna mstari wa tope au rangi iliyobanduka kwa kimo kimoja, maji yaliwahi kufika hapo. Waulizeni wazee wa jirani, si muuzaji peke yake.

Walio Bukoba mjini wanaujua Mto Kanoni unavyofurika. Walio ufukweni wakumbuke kwamba mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hata kupita kimo cha mwaka 1964. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ni hatari kwa maisha, na fedha zenu pia zaweza kupotea.

Kwenye mteremko, angalieni miti na nguzo zilizoinama, ardhi iliyopasuka, na chemchemi mpya zinazotoka kilimani. Hizo ni dalili za udongo unaosogea. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 huko Katesh na vijiji vya jirani. Ulizeni pia kama nyumba imejengwa juu ya shimo la zamani la choo au la takataka. Udongo wa kujazia hudidimia, na msingi huufuata.

2. Kuta na nyufa

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida. Ogopeni ufa unaoweza kuingiza ukingo wa sarafu, ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha, na ule unaoonekana ndani na nje. Kama muuzaji anasema ni wa zamani na umetulia, wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na mwandike tarehe. Rudini baada ya mwezi mmoja au miwili. Ukizipita alama, bado unatembea. Ukuta uliopakwa rangi juzi, tena mmoja tu, uchunguzeni zaidi ya yote.

Mahali lipu ilipobanduka, kwaruzeni kiungo cha matofali kwa msumari. Kikichimbika kama unga, saruji ni kidogo au haipo kabisa. Kisha ulizeni habari ya mkanda wa zege wenye nondo, ambao mafundi huuita lenta. Unatakiwa kuizunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Ndio unaozishika kuta pamoja ardhi inapotikisika. Usipokuwepo, kila ukuta hucheza peke yake.

Tazameni pia ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye paa. Kama umesimama bila kufungwa kwenye kenchi, hutangulia kuanguka, na mara nyingi huwaangukia waliokimbilia nje.

3. Paa

Pandeni darini, au mtumeni fundi. Kenchi zinapaswa kufungwa kwenye ukuta kwa waya au vyuma, ili upepo usizing'oe. Gongeni mbao: zikilia kama ngoma, mchwa wamekwisha kula ndani. Nyumba za zamani nyingine zimeezekwa kwa asbesto. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Kama ipo, msiivunje wala kuikata kwa msumeno. Tafuteni ushauri kwanza.

4. Njia ya kutokea

Nondo za madirisha huzuia wezi, lakini siku ya moto huwafungia wenye nyumba. Kila nyumba iwe na milango miwili, au dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani. Ombeni kuonyeshwa swichi kuu ya umeme na waya wa kuzamishwa ardhini. Jiko liwe na mahali pa kutokea moshi, kwa maana hewa ya mkaa huua watu usingizini bila kunuka.

Ugonjwa upi unatibika?

Mkimaliza, gaweni karatasi mara mbili. Upande mmoja andikeni yanayotibika: waya mbovu, bati lililolegea, nondo zisizofunguka, mbao chache zenye mchwa. Hayo yatumieni kupunguza bei, na fedha itakayopatikana ifanye matengenezo kabla hamjahamia. Upande wa pili andikeni yasiyotibika kwa mfuko wa kawaida: bonde la mafuriko, mteremko unaosogea, kuta za tope zisizo na mkanda na zenye nyufa pana. Mkikuta hata moja la upande huu, acheni, hata kama bei ni nzuri.

Mchukueni fundi wenu wenyewe, asiwe ndugu wala rafiki wa muuzaji. Fikeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na ofisi ya ardhi. Kama nyumba imewahi kuwekwa alama ya X nyekundu, mpate sababu yake kabla ya yote.

Na ninyi mnaoishi tayari katika nyumba yenye kasoro, anzeni leo na mnayoyaweza. Sogezeni vitanda mbali na kuta zenye nyufa, fungeni makabati ukutani, na mwache njia ya mlangoni wazi usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na wakati mwingine utafukua mtu.

Tukipata nyumba mpya humwita Padre aibariki, na ni vema. Lakini baraka si kifuniko cha uzembe wetu. Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 7, alitufundisha habari ya nyumba mbili na misingi yake.

Mama yule alipona, ingawa anachechemea. Wamejenga tena vyumba viwili tu, havijapakwa hata rangi. Mkanda wa zege unaonekana kote.