Kuchagua Majina ya Wahusika katika Igizo la Darasani

Walimu wanafunzi wengi huanza kutumia igizo dhima katika majuma ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha. Huandika lengo katika andalio la somo, hugawa vikundi, hutayarisha zana. Lakini jambo moja huachwa lijiendee lenyewe, nalo ni majina ya wahusika. Watoto huambiwa wajipe majina wayapendayo. Mmoja hujiita Bwana Tumbo, mwingine Kifyonzadamu, na dakika tano za mwanzo huishia katika kicheko. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jina la mhusika ni sehemu ya somo, ni majina gani huliharibu somo hilo, na mwalimu afanye nini bila ya kuua furaha ya mchezo.

Kazi ya jina katika igizo

Igizo dhima ni zoezi la kuvaa nafsi ya mtu mwingine ili kuyatazama mambo kwa macho yake. Darasani hatuna jukwaa, wala mavazi, wala taa. Jina ndilo vazi la kwanza la mwigizaji, na mara nyingi ndilo vazi lake la pekee.

Watoto wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kufundishwa kwamba jina husema. Wengi wao wana jina la dini na jina la asili, na jina la asili hubeba ujumbe. Mugisha ni baraka. Tumusiime ni wito wa kumshukuru Mungu. Kemilembe, jina la kike, lina neno la amani ndani yake. Mtoto anayejua kwamba jina lake lilitolewa kwa kusudi atashangaa akiona mwalimu anayafanya majina ya wahusika kuwa jambo la ovyo.

Tuchukue mfano wa butura, yaani desturi ya mkulima kuuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ndogo, kwa kuwa anahitaji fedha leo. Ni mada nzuri kwa shule iliyo Nkwenda, kwa maana kila mtoto ameisikia nyumbani. Wahusika ni watatu: mkulima, mnunuzi, na katibu wa chama cha msingi. Ikiwa mnunuzi ataitwa Kifyonzadamu na mkulima Mzee Mjinga, igizo limekwisha kabla ya kuanza. Hukumu imekwisha kutolewa na majina. Hakuna mtoto atakayeuliza kwa nini mkulima alikubali bei ile, kumbe hilo ndilo swali la somo. Pengine mwanawe alikuwa mgonjwa, au sare ya shule ilikuwa haijanunuliwa. Mpe mkulima jina la mtu, aitwe Mzee Tumusiime, na mara mwigizaji atalazimika kumtafutia sababu. Mtu mwenye jina la mtu ana nyumba, ana watoto, ana shida.

Majina yanayoharibu somo

Kwa kawaida majina yenye kudhuru yamo katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni majina ya hukumu, kama yale tuliyokwisha kuyataja. Humwambia mwigizaji afanye tendo moja tu. Mtoto anayeitwa Mlevi atapepesuka kutoka mwanzo hadi mwisho, wala hatasema neno la maana.

Kundi la pili ni majina ya kasoro za mwili: Kigugumizi, Matege, Kipofu. Haya hudhuru zaidi kwa sababu darasa la watoto wengi halikosi mtoto mwenye kasoro hiyo, au mwenye ndugu aliye nayo. Kicheko huanzia kwa mhusika na huishia kwa mtoto huyo.

Kundi la tatu ni majina ya watu mashuhuri, hasa wachezaji wa mpira na waimbaji. Mtoto aliyepewa kuwa mgonjwa katika zahanati, akijiita kwa jina la mwimbaji, ataimba. Hataigiza ugonjwa, bali ataigiza umaarufu.

Kundi la nne ni majina marefu yasiyotamkika, yanayobuniwa kwa kuunganisha silabi za ajabu. Wenzake hawawezi kumwita, na mtu asiyeitwa huachwa nje ya mazungumzo.

Jina la mzaha hudumu

Huenda mwanachuo akasema kwamba mchezo ni mchezo tu, na jina litafutika pamoja na maandishi ya ubaoni. Mambo yaliyotokea kwingine yanaonyesha kinyume chake. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijifanya mtu wa nchi ya kubuni, mchawi au mpiganaji. Kiongozi mmoja husimulia hali ilivyo, na dadu huamua mafanikio ya matendo yao. Kwa hakika ni igizo dhima la watu waliokaa vitini. Katika duru za mwanzo, mchezaji aliyeitwa Jim Ward alilisoma jina lake kinyumenyume, na mchawi wake akawa Drawmij. Ernest, mwana wa Gygax, alizipangua herufi za jina lake akapata Tenser. Huo ulikuwa utani wa watu wachache waliojuana. Hata hivyo majina hayo yaliingia katika vitabu vya mchezo, na watu wasiowajua wenyewe wakayatumia kwa miongo mingi.

Hapa kwetu Amri Athumani, mchekeshaji aliyefariki mwaka 2018, alijulikana nchini kote kwa jina la King Majuto, na watu wengi hawakulijua jina lake jingine. Yeye alikuwa mtu mzima, na jina lile lilikuwa sehemu ya kazi yake. Mtoto wa darasa la tatu hana kinga hiyo. Akiitwa Matege siku ya Jumatatu katika somo la Kiswahili, ataitwa hivyo kisimani siku ya Jumanne, na huenda akaitwa hivyo hadi amalize shule. Jina lililotungwa kwa dakika moja laweza kumfanya mtoto achukie kuja darasani. Na lililo baya zaidi ni kwamba atakuwa amelipata mbele ya mwalimu, naye mwalimu alinyamaza.

Majina na watu wa mpakani

Kwa walimu watakaopangwa katika wilaya zetu, ipo hatari nyingine inayostahili kutajwa peke yake. Karagwe na Kyerwa zimepakana na Rwanda na Uganda. Lugha za pande hizi zinakaribiana, na majina huvuka mpaka kuliko watu. Jina moja laweza kupatikana Nkwenda, likapatikana Mbarara, likapatikana pia ng'ambo ya mto Kagera. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na mkoa wa Kagera ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyohusika. Katika hali kama hiyo mtu huweza kutiliwa shaka kwa jinsi anavyoitwa au anavyotamka maneno.

Kwa hiyo, ikiwa katika kila igizo mwizi anapewa jina lenye sauti ya nchi jirani, au anasemeshwa Kiswahili cha kuchekesha chenye lafudhi ya mpakani, watoto wanajifunza somo ambalo halimo katika andalio. Na katika madawati yao wapo watoto ambao bibi zao wana majina hayo hayo.

Njia ya kufuata

Yafuatayo yatamsaidia mwalimu anapotayarisha igizo.

(a) Andika majina ya wahusika katika andalio la somo, pamoja na lengo na zana. Majina mawili au matatu ya akiba yawepo pia.

(b) Linganisha majina hayo na daftari la mahudhurio. Jina la mwanafunzi wa darasa hilo lisitumiwe, wala la mwalimu mwenzako, wala la kiongozi wa kijiji.

(c) Changanya majina ya asili ya mahali hapo na majina ya sehemu nyingine za nchi, na wahusika wema na wabaya wagawanywe bila ya kufuata asili ya majina.

(d) Katika igizo la historia, acha majina ya kweli yabaki. Tukiigiza Speke alivyofika katika ikulu ya Rumanyika mwaka 1861, mwenyeji aitwe Rumanyika na mgeni aitwe Speke. Ebrahim Hussein alifanya hivyo katika tamthilia yake ya mwaka 1969 kuhusu vita vya Maji Maji: mhusika mkuu alibaki na jina lake, Kinjeketile.

(e) Igizo likiisha, wavue watoto majina. Mwite kila mmoja kwa jina lake mwenyewe, arudi mahali pake, ndipo maswali yaanze. Uliza, "Mzee Tumusiime alikuwa na njia gani nyingine?" Usimwulize mtoto, "Wewe kwa nini uliuza?"

(f) Mtoto akijipa jina la mzaha, usimkaripie. Mwulize, "Mama yake alimwita nani?" Mara nyingi swali hilo moja hutosha.

Je, kicheko kikatazwe?

La hasha. Watoto hujifunza vema wakifurahi, na fasihi yetu haikuyakataa majina yenye kusema waziwazi. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Shaaban Robert alimwita mshtakiwa Karama na mshtaki wake Majivuno. Lakini aliyatumia majina hayo kujenga hoja iliyoenea kitabu kizima, na msomaji anaijua kanuni ya hadithi ya namna hiyo tangu ukurasa wa kwanza. Darasa likitaka kutunga ngano ya aina hiyo, na litunge, na Majivuno awepo. Tusichanganye tu mambo mawili: katika ngano jina laweza kuwa jibu, katika igizo dhima jina halina budi kuacha swali wazi.

Na kicheko hakitakosekana. Kitatoka katika maneno ya mnunuzi mjanja, katika namna mkulima anavyozihesabu noti zake mara mbili, katika katibu anayechelewa kufika na ufunguo wa ghala. Hicho ni kicheko cha darasa zima, na hakuna mtoto anayekwenda nacho nyumbani kama mzigo.