Mzinga wa Nyuki na Hati ya Msitu

Asubuhi ya masika, ukungu ukishanyanyuka juu ya Menengai, mtu aliyesimama katika miinuko ya Bahati na kuelekeza uso wake kusini-magharibi huliona Ziwa Nakuru liking'aa bondeni, na nyuma yake ukingo mweusi wa Mau, ambako ndiko itokako mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayolinywesha ziwa hilo, na kwa upande wa pili Mara na Sondu. Sisi wa Bahati, ambao aghalabu wazee wetu walikuja kuwalimia wazungu na baada ya uhuru wakajipatia vishamba vyao, tumezoea kuutaja msitu ule kuwa ni wa Serikali, kana kwamba hauna mwenyewe, nami nakiri kuwa nilikua nikiamini hivyo.

Mwenyewe yupo. Ni Waogiek, kaumu ndogo iliyohesabiwa watu 52,596 katika sensa ya 2019, ambao kila ukoo wao ulikuwa na milki yake, ukanda mrefu unaopanda kutoka chini hadi kwenye baridi ya juu, mipaka yake ikiandama mito; maana nyuki huandama maua, na maua hayachanui pahala pote kwa wakati mmoja. Mogiek hulipasua gogo la mtarakwa kwa urefu, akalikomba ndani, akazikutanisha pande zake mbili, kisha akaupandisha mzinga juu ya mti mkubwa. Na msimu wa kurina ukiwadia hukwea na mwenge wa moshi na mkoba wa ngozi. Ni kweli kwamba mzinga wenyewe umegharimu mtarakwa, lakini mtu ambaye riziki yake imetundikwa mtini hana haja ya kufundishwa na afisa yeyote thamani ya mti.

Ilhali watawala wamemwona kuwa mvamizi tangu zamani. Tume ya Carter, katika ripoti yake ya 1934, ilipendekeza watu hawa wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine. Na Oktoba 2009 ikatoka ilani ya kuwataka waihame Mau kwa muda wa siku 30. Shauri likafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, ambako Serikali ilijitetea kwa kudai kuwa inauhifadhi msitu. Majaji wakaichukua ripoti ya jopo la Serikali yenyewe, wakakuta humo kwamba athari zilizoisibu Mau zilitokana na uvamizi wa watu wengine, ugawaji wa ardhi kwa makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa pasipo busara. Na nani asiyekumbuka kwamba mwaka 2001 Mau Mashariki, iliyo jirani yetu, ilimegwa zaidi ya nusu yake kwa tangazo la gazeti rasmi? Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ikaamua kuwa Waogiek wamedhulumiwa, na kwamba hifadhi haiwi hujja ya kuwafukuza.

Hukumu ya fidia ilitoka tarehe 23 Juni 2022: shilingi 157,850,000, na fauka ya hizo, ardhi yao ipimwe kwa kushauriana nao, wapewe hati ya pamoja. Hayo maneno mawili, "ya pamoja," kwangu yana uzito kuliko fedha zote, kwani hapa Nakuru tumeona hati ya mtu mmoja ikiuzwa kwa karo au kwa deni la hospitali kati ya asubuhi na adhuhuri, na jioni msumeno ukalia. Hati ya ukoo haiuziki hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, nayo inaitambua ardhi ya wawindaji na waokota matunda kuwa ni ya jamii.

Novemba 2023, hukumu hiyo ya pili ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja na nusu, nyumba za Waogiek wa Sasimwani, upande wa Narok, zilibomolewa huku mvua ikinyesha, kwa hoja ile ile ya kuuhifadhi msitu ambayo Arusha ilikwisha kuikataa.